Matundu Kwenye Maneno

Majirani zangu wa Mkuyuni hawajawahi kuelewa ninafanya kazi gani, na mimi nimeshachoka kuwaeleza. Nikisema naandika programu, wananiletea simu zilizoingia maji. Nikisema nashiriki kutengeneza lugha ya kompyuta, wananiuliza kama ni Kiingereza. Mwenye duka la vipuri vya pikipiki hapo chini aliwahi kunitazama kwa huruma akaniambia, "Sasa mzee, si ungeomba tu kazi serikalini?" Nikamjibu kwamba nimeshaomba. Nilikuwa nadanganya, ila jibu lilimridhisha akaendelea na kazi yake.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna lugha moja ya kuandikia programu, wala si kubwa wala si maarufu, inayotengenezwa na kikundi cha watu waliotawanyika duniani, na mimi ni mmoja wao. Wenzangu wengi wanashughulika na mambo yanayoonekana. Mimi nilipewa chumba cha chini kabisa, pale ambapo lugha yenyewe inashika maandishi: inayahesabu, inayakata, inayaunga, inayapeleka kwenye kioo. Kwa nje mtu anaona herufi. Kwa ndani hakuna herufi yoyote, kuna namba tupu zimepanga foleni. Herufi a inachukua namba moja. Herufi yenye alama juu, kama zile ambazo baadhi ya watu wetu huziweka wakiandika Kisukuma, inachukua mbili. Ya Kichina huchukua tatu, na kale kajiuso ka kucheka ambako shemeji zangu hawawezi kumaliza ujumbe bila kukaweka kanachukua nne. Balaa linaanza pale mtu anapokata foleni bila kuangalia anakata wapi. Akipitisha kisu katikati ya herufi, nusu inabaki huku, nusu inakwenda kule, na hakuna nusu inayosomeka.

Lugha ikikutana na nusu ya namna hiyo inaweza kuikataa na kusimamisha kazi. Inaweza pia kuweka mahali pake alama maalumu, kile kiulizo kilichokaa ndani ya almasi nyeusi, kinachomwambia msomaji kwamba hapa palikuwa na kitu na mimi sikukijua. Au inaweza kuipitisha kimya kimya, kwa matumaini kwamba mbele ya safari yupo atakayeigundua. Hii ya kupitisha kimya naichukia kwa moyo wangu wote. Vijana wa kikundi wanaipenda kwa sababu ukaguzi unakula muda. Kila kipande cha programu kinaamini kwamba kilichokiita kimeshakagua, na hicho nacho kinaamini hivyohivyo kuhusu kilichokiita, na mwisho wake hakuna aliyekagua. Nimegombana na watu ambao sijawahi kuwaona sura kwa ajili ya jambo hili. Mke wangu alikuwa akisikia ninavyoigonga kibodi, anauliza kutoka jikoni, "Leo nani tena kakukatia herufi zako?"

Kabla ya hapo nilifundisha chuoni Nyegezi. Wanafunzi wangu walikuwa na wimbo wa kunidhihaki, nao ulikuwa na maneno yangu mwenyewe: usiamini kioo, amini namba. Niliwaambia hivyo kila kipindi. Kioo ni msemaji tu, niliwaambia, anaweza kukosea, anaweza kupendezesha habari. Ukitaka ukweli, ingia ndani ukazitazame namba zenyewe. Niliacha kufundisha kwa sababu nilikuwa na hasira kuliko mshahara, lakini ile kanuni niliondoka nayo.

Hitilafu ilianza kwenye majaribio. Kila tunapobadilisha kitu, lugha huendesha majaribio yake na kumwaga kwenye kioo mistari ya maandishi ya kila aina, na mimi nina tabia ya kuisoma kwa macho hata kama mashine imesema mambo ni shwari. Asubuhi moja niliona neno "maandishi" limekosa tumbo. Mwanzo ulikuwapo, mwisho ulikuwapo, katikati palikuwa peupe. Nikalisogelea, likajaa. Nikarudi nyuma, neno lililofuata likatoboka.

Nasema ukweli, nilifurahi. Miezi mingi nilikuwa nawaambia kwamba kuna mahali tunakata herufi vibaya, na sasa niliiona kwa macho yangu. Niliandika taarifa ndefu ya hitilafu, nikaipeleka kwa kiongozi wetu. Kiongozi ni mama mmoja wa nchi ya baridi, mtaratibu, asiyekubali kusukumwa. Alijaribu kwenye mashine yake, akajibu kwamba kwake maneno yote ni mazima. Nilimjibu ajaribu tena. Akajaribu tena, akawaomba na wengine wajaribu, wote wakaona mazima. Basi nikapiga picha kioo changu, nikamtumia, nikamwambia atazame mstari wa katikati. Alijibu kwa upole kwamba kwenye picha pia hauna kasoro. Nikaifungua ile picha mwenyewe. Tundu lilikuwapo, ila si kwenye mstari nilioupiga. Lilikuwa limehamia mstari mwingine.

Mtu mwingine angeishia hapo akajiuliza maswali. Mimi nilikuwa nimeishi na hitilafu za herufi miaka mingi mno. Nilijiambia, sawa, hitilafu inahama. Basi inatokea pale kioo kinapochorwa upya. Nikaandika taarifa ya pili.

Niliingia ndani kuzitazama namba, kama nilivyowafundisha watoto wa watu. Namba zilikuwa kamili, kila moja mahali pake. Kwa kanuni yangu mwenyewe kesi ilikuwa imekwisha. Lakini matundu nilikuwa nayaona, na binadamu ana kiburi na anachokiona. Niliamua kwamba kosa liko katikati ya namba na kioo, kwenye ule mlango mwembamba zinapogeuzwa kuwa michoro. Nilibadilisha aina ya mwandiko. Nilibadilisha rangi. Nilikwenda kwa fundi wa kompyuta wa hapa Mkuyuni, nikaazima kioo kingine, kikubwa zaidi. Matundu yalinifuata. Nilifikia hitimisho ambalo hata leo nikilikumbuka natamani kucheka: hitilafu inayokufuata kutoka kioo kimoja hadi kingine haiwezi kuwa ya kioo, kwa hiyo lazima ni ya programu. Hakuna siku niliyowaza kwamba kulikuwa na kitu kimoja zaidi ambacho sikuwa nimekibadilisha.

Mke wangu aliona mambo mengine. Aliona chai naimwaga pembeni ya kikombe. Aliona vigoda vya uani navipiga teke kila nikipita, na kwamba nikishuka kwenda sokoni nashtushwa na bodaboda ambazo watu wote wameshaziona. "Unatembea na mawazo, baba watoto," alinitania. "Siku moja utaoa pikipiki." Nilimwambia nina hitilafu kubwa kazini, nikiimaliza nitatulia. Aliniamini kwa sababu nimekuwa hivyo tangu anioe, maana ndivyo anavyosema yeye, kwamba yeye ndiye aliyenioa.

Kiongozi naye alianza kupoteza subira. Aliandika kwamba ninaziba njia, kwamba toleo jipya linasubiri taarifa zangu zifungwe, na kwamba hakuna mtu duniani aliyeweza kuiona hitilafu hiyo isipokuwa mimi. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba hicho ndicho walichosema siku zote kuhusu lugha zetu, kwamba tatizo ambalo hawalioni wao halipo. Hakujibu siku hiyo wala kesho yake. Nilijiona mshindi.

Kisha wakaja vidudu vya ziwani. Wanaoishi ufukweni wanavijua: vinapanda kutoka majini kama moshi, vinaelea mpaka upepo uvisukume nchi kavu, na ukifungua mdomo umevimeza. Nilikuwa nimekaa dirishani na mashine yangu, na kidudu kimoja kikanipiga jicho la kushoto. Nililifumba, nikalisugua kwa kiganja, na kwa kuwa nilikuwa katikati ya mstari nikaendelea kusoma kwa jicho la kulia.

Mstari haukuwapo. Haukuwa na giza, haukuwa na ukungu, haukuwapo tu. Palikuwa na weupe wa kioo, safi, kama vile hakuna aliyewahi kuandika chochote. Niliinua kichwa nikatazama mlango wa chumba, na mlango ukawa hauna kitasa. Nikatazama ukutani kwenye saa, nikaona ukuta. Nilifumbua jicho la kushoto, saa ikarudi, kitasa kikarudi, mstari ukarudi na matundu yake. Nililifumba tena. Nilifanya hivyo mara nyingi, nikifumba hili na kufumbua lile. Mwishowe nikaiweka mashine chini nikamwita mke wangu, na sauti iliyonitoka ilimfanya aje mbio na mwiko mkononi.

Hospitalini ukipimwa macho wanakuweka kidevu kwenye kikombe cha plastiki, wanaziba jicho moja, wanakuambia utazame nukta ya katikati, na kila unapoona kimulimuli ubonyeze kitufe. Nilidhani mashine yao imekwama. Dakika nzima hakikuwaka kitu. Nikamwambia yule kijana wa vipimo kwamba taa zake zinachelewa, akasema, "Endelea tu mzee." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

Daktari alikuwa binti wa umri wa wanangu. Yeye ndiye aliyekuwa mdogo, lakini mimi ndiye niliyeongea kama mtoto anayeogopa. "Shikamoo mzee," alisema. "Marahaba." Aliweka mezani karatasi yenye duara mbili, na kwenye duara zile weusi ulikuwa mwingi kuliko weupe. Sikuhitaji kuelezwa.

"Nyumbani kwenu kuna mtu alipofuka?"

"Baba."

"Alikuwa na nini?"

"Vumbi la pamba. Alikuwa kibarua kwenye kinu cha kuchambua pamba."

"Nani alisema ni vumbi la pamba?"

Nilifikiri. "Kila mtu," nikasema.

Alinieleza kwamba ninayo presha ya macho, kwamba ni ugonjwa wa ukoo, kwamba hauumi wala hauwashi, unakula kidogo kidogo kutoka pembeni. Nilimuuliza, kama umekula kiasi hicho, mbona sikuona giza? Nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba namkamata kwenye kosa. Akasema, "Hakuna anayeona giza, mzee. Ubongo ukikuta pengo hauliachi wazi. Unajaza. Unachukua kilicho jirani, au kile unachokijua, unaweka pale. Mtu anaona ukuta mzima, barabara nzima. Wengine huja hapa wameshagongwa na gari ambalo hawakuliona."

"Lakini mimi niliona matundu kwenye maneno."

"Kwenye maneno ubongo unashindwa," alisema. "Ukuta ni rahisi kuubuni. Neno siyo. Kazi yako ilikuwa inakuonyesha." Kisha akaniuliza ilianza lini, nami nikamwambia. Akaandika kitu. "Ungekuja wakati ule," alisema, na hakumaliza sentensi. Baadaye aliongeza lile ambalo wote huambiwa: kilichopotea hakirudi, tunajaribu kulinda kilichobaki.

Nilitoka pale na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Maisha yangu nimeyatumia kuwapigia watu kelele kwamba usibuni, usijaze, ukikosa kitu sema umekikosa. Na kichwa changu mwenyewe, hiki nilichokuwa nikijivunia, kimekuwa kikinijazia dunia kwa miaka bila hata kuniwekea kiulizo kimoja. Nilitamani kukipiga ukutani. Mke wangu alinishika mkono tukavuka barabara, na kwa mara ya kwanza sikumwambia aniachie.

Nilimpigia dada yangu mkubwa, anayekaa ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi. Yeye ndiye aliyemwongoza baba kwa fimbo mpaka mwisho wake, wakati mimi niko shuleni. Nilimweleza nilivyoelezwa.

"Kwa hiyo siyo pamba?" aliuliza.

"Siyo pamba, dada."

"Miaka yote hii nimekichukia kile kinu bure." Kisha akasema, "Basi ile siku aliposema njia imeliwa, tukamcheka..." Nilimwambia na yeye aende akapime. Alisema anaona vizuri tu, mdogo wangu, anaona mpaka visiwani. Nilimwambia hata mimi nilikuwa naona vizuri. Akasema ataangalia baada ya mavuno.

Wanangu wawili wako Dar es Salaam. Niliwapigia mmoja mmoja, nikawaeleza kwamba ugonjwa unarithiwa na kipimo ni cha muda mfupi. Wa kwanza alisema atakwenda na mwenzake. Wa pili alisema alidhani mwenzake ameshaenda, na angemuuliza kwanza amekuta nini. Ni watoto wazuri, wananipenda, wananitumia matunda na maneno ya faraja. Mpaka ninavyoandika hakuna aliyeweka kidevu chake kwenye kile kikombe. Nimewaombea, nimewafokea, nimemtuma mama yao. Sauti wanazonijibu nazo nazijua vizuri, nimezisikia kwenye kikundi chetu miaka yote, na sijawahi kuzishinda hata huko.

Kwa kiongozi nilizifunga taarifa zangu za hitilafu, moja baada ya nyingine. Mahali pa kuandika sababu niliandika kwamba programu haina kosa. Aliniuliza nimegundua nini, nikamwambia. Nilitegemea atapumua, kwa sababu toleo lilikuwa huru sasa. Badala yake aliniandikia barua ndefu ya kuomba radhi kwa ukali wake. Niliisoma kwa shida, neno baada ya neno, nikaona ni heri angenitukana. Ugomvi wake ulinifanya nijione mtu wa kazi. Barua ile ilinifanya mgonjwa.

Nikaanza matone, asubuhi na jioni, yanayochoma na kuacha uchungu kooni. Baadaye wakanifanyia upasuaji jicho la kushoto ili presha ishuke. Ilishuka. Kuona hakukuongezeka, wala hakuna aliyeniahidi kwamba kungeongezeka. Nilijifunza programu inayosoma kioo kwa sauti, nikakaa na vifaa masikioni kama kijana wa muziki. Mashine inasoma msimbo, yaani maandishi ya programu, kwa sauti ya mgeni, haraka, bila kupumua, na ikikutana na herufi yenye alama juu ambayo haiijui inairuka. Hairuki kwa kishindo, haisemi hapa nimeruka. Inaendelea tu. Mara ya kwanza nilipoigundua niliivua ile mitambo nikaitupa kitandani, nikalia, na sikujali kwamba mke wangu anasikia.

Wakati huohuo kijana mmoja wa kikundi alileta badiliko la kuharakisha chumba changu cha chini. Alikuwa ameondoa ukaguzi mahali pengi, kwa maelezo kwamba anayeita anapaswa kuwa ameshakagua. Mimi ndiye niliyetakiwa kuidhinisha au kukataa. Niliisikiliza kazi yake siku kadhaa. Zamani ningemrudishia kabla chai haijapoa, na maneno ya kumkosesha usingizi. Sasa kila nilipofika katikati ya ukurasa nilikuwa nimeshasahau mwanzo ulisemaje, na nilipotaka kurudi juu sikupata mahali pa kushika. Nilihisi kuna kasoro. Sikuweza kuionyesha. Na mtu asiyeweza kuonyesha kasoro hana haki ya kusema ipo. Nimeshajifunza hilo kwa gharama.

Nilimwandikia kiongozi aliondoe jina langu kwa waidhinishaji. Akajibu kwamba mahali pangu patabaki wazi siku zote. Ni maneno ya heshima na hayana maana yoyote. Badiliko lilipita. Siku hizi ukiipa lugha yetu nusu ya herufi, inaipokea na kuipeleka mbele, upesi sana. Watu wanaisifu kwa upesi. Mimi nashinda uani nasikiliza majirani wakibishana bei ya dagaa, na mwenye duka la vipuri akipita hunisalimia kwa sauti kubwa kana kwamba nimepoteza masikio.

Ndipo mama mkwe akafa, huko kwao Ukerewe. Jicho langu lililopasuliwa lilikuwa bado halijapona vizuri na daktari alinikataza vumbi, moshi, na kuinama. Msiba wa kijijini ni hayo matatu. Mke wangu akasema nibaki. Mkwe asiyefika kuzika hasahauliwi, na najua walivyonisema, lakini yeye alinitetea. Jirani yake mmoja alikuja kumsuka kabla hajapanda meli, mistari myembamba ya kurudi nyuma, nikiwa nimekaa karibu yao nasikia wanavyozungumza kwa sauti ya chini. Kisha akaondoka, na nyumba ikawa kubwa mno. Nilijipikia uji, nikajitia matone mwenyewe, mengi yakienda shavuni.

Alirudi baada ya kuanua matanga, mchana, jua likiwa kali. Nilikuwa nimekaa kizingitini. Nilimjua kwa hatua zake kabla hajaingia kwenye kale kaduara ka kuonea nilikobakiwa nako. Akapiga magoti mbele yangu, karibu, ili nimwone, na nikamwona: mashavu yameingia ndani, macho mekundu, mdomo umekauka. Akavua kitambaa cha kichwani akajipepea nacho. Nilimpa pole ya mama, akaipokea.

Kwao ni desturi msiba ukimalizika watoto wa marehemu wanyolewe. Lakini wamekuwa watu wa kanisa siku hizi, na mila nyingi wameziacha. Nilitaka kusema neno jema, neno la nyumbani, lisilo na kifo ndani yake.

"Naona hawakukunyoa," nilisema.

Kitambaa kikaacha kupepea.

"Unaziona nywele zangu?" aliuliza taratibu.

"Naziona. Hii mistari uliyosukwa siku ile. Imekaa vizuri, hata safari haikuiharibu."

Alinishika mkono akauinua, akauweka juu ya kichwa chake. Kilikuwa kitupu, na vinywele vipya vilivyoanza kuota vilinikwaruza kiganja. Nikakipapasa chote, kuanzia kipajini mpaka kisogoni, na muda wote huo ile mistari nilikuwa bado naiona.